Kailash kwa mzee mwenye presha: mpango wa hija ya familia moja ya Mombasa

Wasafiri walikuwa wanne. Mzee wa miaka 67, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana presha na kisukari anachokidhibiti kwa vidonge. Mkewe ana miaka 63. Binti yao ni mwalimu. Wa nne ni mtoto wa ndugu yake mzee, kijana anayeagiza vigae kutoka Foshan, China, na aliyewahi kufika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, jambo ambalo hakuacha mtu yeyote alisahau. Walitaka kwenda Tibet Septemba 2024, wafanye ibada ziwani Manasarovar kisha wauzunguke mlima Kailash. Wakala mmoja wa Kathmandu alishawatumia ratiba na bei. Waliniletea niipitie kabla ya kulipa, kwa kuwa kazi yangu ni kupangia watu safari za namna hii.

Kwa asiyeujua mlima wenyewe: una urefu wa mita 6,638, uko magharibi ya Tibet, na haupandwi. Kwa Wahindu ni makao ya Shiva. Wajaini wanaamini Rishabhadeva, mwalimu wao wa kwanza, alipata ukombozi wake katika mlima huo wanaouita Ashtapad. Wabuddha wa Tibet nao wanautukuza, na wafuasi wa Bon, dini ya kale ya huko, huuzunguka kwa upande ulio kinyume na wenzao wote, kwa hiyo njiani unakutana nao uso kwa uso. Hija yenyewe ni mzunguko wa kilomita 52, ambao wageni wengi huumaliza kwa siku tatu na Watibeti wengi kwa siku moja. Ziwa liko kusini ya mlima, mita 4,590 juu ya usawa wa bahari, maji yake matamu. Jirani yake liko ziwa Rakshastal la maji ya chumvi, ambalo mahujaji wa Kihindu hawaogi humo.

Mzee alikuwa na tarehe yake kichwani. Mwezi mpevu wa Bhadrapada uliangukia 17 na 18 Septemba mwaka huo, ndipo yanapoanza majuma mawili ya kuwakumbuka marehemu kwa Wahindu, yaani Pitru Paksha. Alitaka siku hiyo awe ukingoni mwa ziwa awaombee baba na mama yake. Hilo sikuligusa. Wapangaji wengi huanza kwa kumwambia mteja asogeze tarehe, kisha wanashangaa mteja akiacha kuwasikiliza. Tarehe ya ibada ni msumari wa kwanza, mengine yote yanazunguka hapo. Bahati nzuri, katikati ya Septemba ni wakati mzuri: masika ya upande wa Nepal yanaelekea kuisha na baridi kali ya Tibet haijashuka.

Njia ya India ilianguka mapema. Mzee alidhani kadi yake ya Mhindi wa ng'ambo ingemwingiza katika hija inayoendeshwa na serikali ya India. Hija hiyo ni ya wenye pasipoti ya India peke yao, na hata hao walikuwa wamesimamishwa tangu 2020, walirudi 2025. Hata hivyo masharti yake nimeyatumia kama kipimo: umri kati ya 18 na 70, uzito usiozidi kiwango cha 25 ukilinganishwa na urefu, na daktari anaweza kukuzuia hata ukiwa umeshafika mpakani. Mzee alikuwa na 28. Alipewa miezi sita ya kutembea asubuhi kando ya bahari, pale Mama Ngina, na wali wa usiku ukapunguzwa. Alifika 26 na nusu. Nikaona inatosha kuendelea na mazungumzo.

Sasa ratiba ya wakala. Kathmandu, mita 1,400. Gari hadi Kerung, mpakani upande wa China, mita 2,800, usiku mbili. Kisha siku moja ya gari hadi Saga, mita 4,500, usiku mmoja. Kesho yake ziwani. Kesho kutwa yake Darchen, mji mdogo ulio miguuni pa mlima, mita 4,600 na kitu, na safari ya kuzunguka inaanza.

Kijana wa vigae hakuona tatizo. Njia ya Dolma La, sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, ni kama mita 5,630. Uhuru ni 5,895. "Mimi nimepita hapo," alisema, "na mzee atapanda farasi." Ni hoja inayosikika vizuri dukani, na imewaponza watu wengi.

Kwenye Kilimanjaro, ukifika kileleni unapiga picha unageuka. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa njia ya Marangu, unalala Horombo, mita 3,720. Ukizidiwa, wapagazi wanakuweka kwenye machela ya gurudumu na kila saa inayopita unavuta hewa nzito zaidi. Kailash haiko hivyo. Tangu unapofika Saga hadi unapoondoka, vitanda vyote viko juu ya mita 4,500, usiku baada ya usiku. Kitanda cha Dirapuk, usiku wa kwanza wa mzunguko, kiko karibu mita 5,000, karibu sawa na Lenana, kilele cha Mlima Kenya wanachofika watalii. Na ukizidiwa Darchen, swali la kushuka halina jibu rahisi, maana unashuka wapi? Saga iko juu vilevile na ni safari ya siku nzima ya gari. Helikopta za uokoaji zinazoruka upande wa Nepal hazivuki huku. Mji ulio chini na ulio karibu ni Purang, mita 3,900, kiasi cha kilomita mia moja kusini.

Kwa hiyo mpango nilioujenga upya haukuanza na Dolma La. Ulianza na vitanda, halafu na njia za kutokea.

Kanuni ya madaktari wa milimani inajulikana: ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupanda. Kerung hadi Saga ni mita 1,700 kwa siku moja. Baada ya Saga hakuna tena pa kulipia deni hilo, kwa kuwa kila unapoenda ni juu.

Niliwapeleka Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kwa ndege kutoka Kathmandu. Mtu makini atanibana hapa: Lhasa ni mita 3,650, na kutoka 1,400 huo ni mruko mkubwa kuliko wa Saga. Ni kweli. Tofauti ni mahali mruko unapofanyika. Lhasa ni jiji, lina hospitali kubwa, hoteli zina oksijeni, na ndege ya saa mbili na kitu inakushusha Chengdu, mita 500. Kama mwili wa mzee ungeikataa Tibet, nilitaka ukatae pale, siku ya pili, mlango ukiwa wazi. Usiku tatu Lhasa, bila kupanda ngazi za kasri la Potala siku ya kwanza. Halafu Shigatse, mita 3,840, usiku mbili; Lhatse, mita 4,050, usiku mmoja; Saga usiku mbili; ndipo ziwani, siku moja kabla ya mwezi kupevuka. Gharama ilipanda kwa karibu theluthi moja, na barabara ni ndefu, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Lhasa. Mzee alinung'unika kuhusu bei kwa wiki nzima, kama mfanyabiashara yeyote wa Mombasa anavyopaswa.

Makaratasi nayapita haraka, isipokuwa mawili. Anayeingia Tibet kutokea Nepal hupewa viza ya kikundi, karatasi moja yenye majina ya wote, na ubalozi wa China unapoitoa hufuta viza ya China iliyomo kwenye pasipoti. Kijana wa vigae alikuwa na viza ya biashara ya kuingia mara nyingi, na hakuna aliyemuuliza. Ingefutwa Kathmandu na mzigo wake ungemsubiri Foshan. Yeye alipitia Chengdu kwa viza yake, kibali cha Tibet kikamfuata hotelini huko kwa maana bila karatasi yenyewe hupandi ndege ya Lhasa, akawakuta wenzake mbele ya safari. La pili: kibali cha ndani ya Tibet kinataja miji unayoruhusiwa kufika. Niliomba Purang iandikwe, ingawa haikuwamo katika ratiba. Wakala aliuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba sitaki kubishana na askari wa kizuizi huku mgonjwa yuko kwenye gari. (Na kadi ya homa ya manjano jamani, msiiache nyumbani. Anayetoka Kenya akipita India bila hiyo kadi anaweza kuwekwa karantini.)

Daktari wa Mombasa alimpima mzee moyo akiwa anatembea kwenye mashine, akamruhusu kwa masharti. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kuruka Lhasa, baada ya kuthibitisha kwamba figo ziko sawa na hana mzio wa dawa za salfa. Vipimo vya sukari vya kidoleni vinaweza kudanganya kwenye baridi na mwinuko, kwa hiyo kifaa kilikaa mfuko wa ndani, karibu na mwili. Bima ilichukua siku nyingi zaidi ya nilivyotarajia, kwani nyingi husimama mita 3,000 au 4,500 na maandishi hayo yako ukurasa wa mwisho.

Yote hayo ni ufundi, na ufundi hununulika. Jambo gumu katika kisa hiki lilikuwa swali moja nililowauliza jioni, dukani, baada ya shata kushushwa nusu: mzee akirudi njiani, nani anarudi naye?

Kimya. Kisha kila mtu alikuwa na jibu lisilo jibu. Mzee alisema hatarudi, yeye anakwenda kwa Mahadev, yaani Shiva, haendi kwa daktari. Kijana alisema mwongozaji atarudi naye. Lakini mwongozaji ni mmoja, na sheria ya huko haimruhusu mgeni kutembea bila mwongozaji. Akirudi yeye, wote wamerudi. Binti aliangalia chini. Wote, bila kusema, walikuwa wameshaamua kwamba atakayerudi ni mama. Mke ni wa kumfuata mumewe, sivyo?

Nilimgeukia nikamuuliza, "Mama, wewe unakwenda kufanya nini huko?"

Akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba amezaliwa katika nyumba ya Kijaini. Bibi yake alikuwa na picha ya Ashtapad ukutani. Tangu utotoni anasikia habari za mlima ule, na hajawahi kuomba chochote kikubwa kwa ajili yake mwenyewe. Mumewe, waliooana miaka arobaini, aligeuka akamtazama kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

Hapo mpango ulibadilika zaidi kuliko ulivyobadilishwa na Lhasa. Tuliandika karatasi, kwa Kiswahili, ikasainiwa na wanne. Mzee akishindwa kupumua vizuri akiwa amekaa, au akitapika, au akishindwa kutembea kwenye mstari kisigino kwa kidole, anarudi, na hakuna mjadala wa imani hapo. Binti anarudi naye. Mama anaendelea na kijana. Tukaongeza mwongozaji wa pili na farasi wa ziada, na dereva akaambiwa asiondoke Darchen kwa siku zote tatu. Kijana alipendekeza kipimo cha oksijeni cha kidoleni kiwe ndiyo hakimu, chini ya asilimia fulani mtu arudi. Nilikataa. Kule juu kipimo kinaonyesha 80 kwa mtu mzima anayecheka, na kwa vidole vya baridi kinasoma chochote. Kinasaidia kuona mwelekeo. Hukumu inatolewa na dalili.

Walikwenda. Lhasa mzee aliumwa kichwa usiku wa kwanza, wa pili kikapungua. Ziwani walifika kwa wakati. Siku hizi mahujaji hawaruhusiwi kujitosa ndani ya maji. Yanachotwa kwa ndoo na mtu anajimwagia ukingoni. Mimi hilo naliona afadhali, maana maji yale yanakaribia barafu na mwenye presha akijitosa ghafla mishipa yake inabana. Mzee alijimwagia mchana jua likiwa kali, akafanya maombi yake, akajaza dumu la lita tano la kuja nalo Mombasa.

Chakula kilikuwa na kichekesho chake. Mama hali baada ya jua kuzama, kwa mujibu wa dini yake, na alikuwa na wasiwasi kwamba safari itamshinda. Lakini Tibet yote inatumia saa za Beijing, wakati Kailash iko mbali sana magharibi, na Septemba jua lilikuwa linazama huko karibu saa tatu ya usiku kwa saa ya ukutani. Alikula kwa raha kuliko nyumbani. Dengu ndiyo ilikuwa kazi: maji kwenye mwinuko ule yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, kwa hiyo bila sufuria ya presha unakula kokoto. Khakhra na thepla, mikate myembamba ya Kigujarati, walizobeba kutoka Mombasa ziliokoa siku mbili.

Siku ya kwanza ya mzunguko walipita Yama Dwar, lango la mungu wa mauti ambalo mahujaji hupita kabla ya kuanza kupanda bonde, mzee akiwa juu ya farasi. Dirapuk walifika alasiri. Uso wa kaskazini wa mlima, ule mweusi wenye mistari ya theluji, unaonekana pale vizuri kuliko popote njiani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya wageni akautazama hadi baridi ikamfukuza. Usiku akaanza kupumua kama mtu aliyepanda ghorofa nne. Alipolala chali alishindwa, akakaa. Binti aliyekuwa kitanda cha pili alimsikiliza hadi alfajiri, kisha akatoa ile karatasi kwenye pochi.

Mzee alibishana. Alisema ni mafua. Alisema Dolma La ni mita mia sita tu juu na farasi yupo. Hilo la farasi si la kweli kikamilifu: kupanda utabebwa, lakini mteremko wa upande wa pili ni mawe matupu na kila mtu hushuka kwa miguu, na ukishavuka kurudi nyuma ni kuupanda tena. Binti hakujibu hoja. Alimwonyesha sahihi yake.

Kufika saa nne walikuwa wameshuka bondeni kwenye gari. Darchen hakupata nafuu ya kutosha, basi hawakungoja: Purang alasiri hiyo hiyo, na kizuizini karatasi ilikuwa na jina la mji. Kwenye mita 3,900, na oksijeni, alilala usingizi wake wa kwanza mzuri kwa siku nne. Daktari wa pale alisikia mapafu yana unyevunyevu. Kama wangesubiri "tuone kesho" kule Dirapuk, nadhani ningekuwa naandika kitu kingine.

Mama alivuka Dolma La siku hiyo hiyo mchana. Alipanda farasi hadi karibu na bendera za maombi, akashuka kwa miguu kwenye mawe akiwa ameshika mkono wa mwongozaji, akapita juu ya ziwa dogo la Gauri Kund bila kuteremka kwenye maji, akalala Zuthulpuk, kituo cha usiku wa pili. Kijana wa Uhuru alimaliza naye, kichwa kikimuuma njia nzima, na tangu siku hiyo habari za Kilimanjaro hazitaji sana. Walikutana wote Darchen siku ya tatu.

Kurudi walipitia Saga na Kerung, kwani kushuka haraka hakuna madhara, na wakawa Kathmandu siku chache kabla ya mvua kubwa ya mwisho wa Septemba 2024 iliyoua zaidi ya watu 200 Nepal na kukata barabara. Nilikuwa nimeacha siku mbili za akiba, mzee akaziita siku za kulipia hoteli bure. Hazikutumika.

Sasa kijana anataka kurudi 2026 na wakwe zake, kwa kuwa ni mwaka wa farasi, ambao Watibeti huamini mzunguko mmoja unahesabiwa kama kumi na tatu. Ameniomba nitumie mpango ule ule, nibadilishe majina tu. Vitanda na njia ya Lhasa vinabaki. Njia ya kutokea haibaki: mafuriko ya 8 Julai 2025 yalilibeba daraja la mpakani Rasuwagadhi, kwa hiyo Kerung lazima iulizwe upya kabla ya kuandikwa popote, na ratiba iwe na kurudi kwa ndege kutoka Lhasa kama jibu la kwanza. Mwaka wa farasi vyumba vya Dirapuk vitagombaniwa, na mgonjwa hawezi kulala hemani mita 5,000 kwa sababu tu chumba kimejaa. Malipo ya vyumba yatangulie ya ndege. Kisha kuna wakwe wenyewe, watu wawili ambao sijawaona. Nimemwambia awalete dukani jioni moja, na karatasi iwe tupu.